Sheria ya Chumvi: Kuandika Riwaya ya Fantasia Ukiwa na Ajira

"Shikamoo dada. Leo nimefungua riwaya yangu baada ya kumaliza kufunga hesabu za mwaka. Nimesoma sura nne za mwanzo. Sikumbuki kwa nini malkia hawezi kugusa chumvi."

Ujumbe huo uliingia saa nne usiku, mwezi wa saba, kutoka kwa mhasibu wa halmashauri anayeandika riwaya kuhusu ufalme ulio chini ya bahari. Chini yake akaongeza swali: aache kazi, au aache riwaya?

Nilimjibu kwa kifupi, tukaagana. Lakini ujumbe wenyewe umenikalia kichwani wiki kadhaa sasa, na kinachonisumbua ni ile chumvi. Ufalme uko chini ya bahari. Maji yenyewe ni chumvi. Malkia anayeishi humo asiweze kugusa chumvi, hapo lazima pawe na maelezo mazuri sana, na bila shaka yalikuwepo siku sheria hiyo ilipobuniwa. Ndiyo maana aliiandika. Kisha ikaja miezi ya bajeti, wakaguzi na kufunga mwaka wa fedha, na maelezo yakapotea.

Ushauri mwingi kwa waandishi walioajiriwa unahusu muda. Amka saa kumi alfajiri, zima simu, andika kidogo kila siku. Ni ushauri wa kweli. Ila mhasibu huyu usiku ule muda alikuwa nao. Alichokosa ni kumbukumbu.

Anayeandika riwaya inayotokea Kariakoo anaweza kuiacha wiki saba, akarudi akaikuta Kariakoo ipo: mitaa ni ile ile, kelele ni zile zile, mama ntilie bado anajua bei ya sahani ya wali. Mwandishi wa fantasia akiondoka, hakuna anayebaki kule.

Dunia ya kubuni inalindwa na kichwa kimoja tu, na kichwa hicho mchana kimeajiriwa.

Karani wa forodha

Sote tumesoma Shaaban Robert shuleni, kwa hiyo sitarudia wasifu wake. Nataka tuangalie jambo moja ambalo shuleni hupitwa haraka: alikuwa mtumishi wa serikali karibu maisha yake yote ya utu uzima. Alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, akahamia Idara ya Wanyama, kisha ofisi za serikali Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960. Kusadikika ilitoka 1951 na Adili na Nduguze 1952. Nchi inayoelea hewani, na ndugu waliogeuzwa manyani wanaochapwa viboko kila usiku: vyote vilitoka kwa mtu aliyekuwa na mkuu wa kazi, mafaili na saa ya kuripoti.

Sasa tazama umbo la Kusadikika. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno. Anapewa siku sita za kujitetea, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa nje ya nchi: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini. Wajumbe sita, safari sita, kesi moja.

Sidai kwamba alilipanga hivyo kwa sababu ya ratiba ya ofisi. Ninachosema ni kwamba umbo hilo linamfaa sana mtu anayekatizwa-katizwa. Kila safari ina mwanzo wake, hatari zake na marejeo yake. Kinachoziunganisha ni kidogo: mfalme, mshtaki, mshtakiwa na baraza linalosikiliza. Mtu akimaliza mjumbe wa tatu, akashikwa na kazi miezi miwili, akirudi anahitaji kujua mambo mawili tu: nani ameshasimuliwa, na baraza limesikia nini mpaka sasa.

Upande wa pili wa Afrika, katika miaka hiyo hiyo, Amos Tutuola, mwandishi wa Nigeria, alikuwa tarishi wa Idara ya Kazi mjini Lagos. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa London mwaka 1952. Humo pia utakuta mtu mmoja yuko safarini, anakutana na kiumbe mmoja baada ya mwingine, na kila kiumbe anakuja na sheria zake. Sura ikiisha, sheria zake nazo zinaisha. Mwandishi halazimiki kuzibeba mpaka ukurasa wa mwisho.

Linganisha na riwaya ambayo wengi wetu tunatamani kuianza nayo: falme tano, wahusika wakuu saba, vita vitatu vinavyopiganwa kwa wakati mmoja. Riwaya hiyo inataka kichwa kizima kila siku. Ukiiacha wiki tatu, ukirudi utatumia wiki nzima kusoma ulichoandika, na wiki inayofuata utaitwa Dodoma kwenye semina.

Kwa riwaya ya kwanza, mwenye ajira achague safari au kesi. Vituo vinane, kila kituo maneno elfu saba hivi, vinakupa maneno 56,000. Hiyo ni riwaya kamili ya Kiswahili. Usihangaike na vipimo vya wachapishaji wa Kiingereza vya maneno laki moja; kitenzi chetu kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo kitabu cha unene ule ule huwa na maneno machache zaidi.

Ukurasa wa kushoto

Turudi kwenye chumvi, maana dawa yake ni nyepesi na ni ya karatasi.

Nunua kaunta buku ya kwaya tatu. Ina kurasa 288. Andika riwaya kwenye ukurasa wa kulia peke yake. Wa kushoto uache mtupu.

Kila unapobuni sheria katikati ya kuandika, simama pale pale, hamia kushoto, uiandike kabla sentensi inayofuata haijaja. Usingoje mwisho wa sura. Usijiambie utakumbuka. Kila sheria ipewe mistari minne. Kwa malkia wetu ingekuwa hivi, tuseme:

Malkia hagusi chumvi iliyokauka juani. Ya majini haimdhuru.

Sababu: jua lilimlea akiwa mtoto, akalikimbia. Kila kilichokaushwa na jua kinamdai.

Gharama: akigusa, sauti inampotea mpaka mwezi uandame.

Wanaojua: yaya wake, na mvuvi mmoja.

Mstari wa kwanza unaonyesha mipaka ya sheria, na hapo tayari lile tatizo la bahari limetatuliwa. Wa pili unakuambia kwa nini, ili sheria ya pili utakayobuni iwe na undugu na ya kwanza. Wa tatu ndio unaozaa visa, kwa sababu uchawi usiogharimu kitu unaua hadithi: shujaa akiweza kila kitu bure, msomaji hana cha kuogopa. Wa nne ndio watu husahau kuandika, na ndio unaovunja riwaya nyingi. Katika sura ya tisa adui anamwagia malkia chumvi, tukio ni zuri, mwandishi anafurahi. Msomaji anauliza: huyu alijuaje?

Mwenye kuandika kwenye kompyuta afungue jedwali la safu mbili, au faili la pili linalokaa wazi kando ya la kwanza. Lakini nasisitiza karatasi kwa rasimu ya kwanza, na sababu yangu ni ya kawaida kabisa: umeme ukikatika daftari halizimiki, na halina ujumbe wa kundi la ofisi unaochungulia juu ya sentensi yako.

Kurasa za kulia ni 144. Kwa mwandiko wa wastani, maneno 200 kwa ukurasa, daftari moja linabeba karibu maneno 29,000. Madaftari mawili, riwaya moja.

Jioni ya Ijumaa, piga picha kurasa za wiki nzima kwa simu, kulia na kushoto, kisha jitumie kwa barua pepe. Flashi si hifadhi. Ni kitu cha kusafirishia. Na kompyuta ya ofisi isiguswe kabisa. Siku fundi wa mifumo anapoifuta na kuiwekea programu upya, haulizi kama kuna malkia ndani.

Kisha kuna dakika tano za mwisho. Kama umejipa dakika 45, andika 40. Tano zinazobaki andika ujumbe kwa mtu atakayefungua daftari kesho, ambaye ni wewe ukiwa umechoka: mhusika yuko wapi, anataka nini saa hii, na sentensi ya kwanza ya kesho inaanzaje. Andika sentensi hiyo nusu, uiache. Kuikamilisha ni rahisi kuliko kuanza, na mtu akitoka kazini anahitaji urahisi huo.

Hesabu za mwaka mzima

Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 1,500. Wiki 40 ni maneno 60,000.

Mwaka una wiki 52. Hizo 12 zinazobaki hazijapotea. Zimetengwa mapema, na hapa ndipo kila mtu anapaswa kuijua kazi yake. Mhasibu wa serikali, Tanzania au Kenya, anajua mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, kwa hiyo Juni na nusu ya Julai si zake. Mwalimu anajua majira ya mitihani na kusahihisha. Muuza duka anajua Desemba. Muuguzi hahesabu kwa wiki za kawaida. Anahesabu kwa zamu, na baada ya zamu ya usiku hakuna kuandika, ni kulala. Anayefunga Ramadhani anajua usiku wake utabadilika umbo mwezi mzima. Toa wiki nane kwa yanayojulikana. Nne zilizobaki ziachie misiba, wagonjwa na wageni. Hayo hayapigi hodi.

Kinachoharibu ni kuweka lengo la maneno elfu moja kwa siku. Jumatatu unafika. Jumanne unafika. Jumatano kikao kinachelewa, unaandika mia mbili. Alhamisi una deni la mia nane. Ijumaa hukuandika. Jumapili unafungua daftari ukiwa na deni la karibu maneno elfu mbili, na unalifunga tena kwa aibu. Riwaya nyingi zimekufa kwa deni hilo, wala si kwa kukosa kipaji.

Siku iliyopita hailipwi. Weka lengo dogo, na ukikosa, kesho anza na mia tatu zile zile.

Halafu tenganisha kazi nzito na kazi nyepesi. Nzito ni kuandika tukio jipya. Inataka meza, ukimya na kichwa kisichochoka, na kwa wengi hiyo ni alfajiri kabla ya wengine kuamka. Nyepesi ni majina ya watu na miji, ramani, umri wa wahusika, kuhesabu siku za safari, kunong'ona mazungumzo ya wahusika wawili mpaka kila mmoja awe na sauti yake. Nyepesi hufanyika ukiwa umesimama kwenye mwendokasi, au kwenye foleni ya benki. Ukijaribu kuandika tukio la vita ukiwa umeminywa dirishani kwenye daladala, utaandika tukio baya, kisha utaamini kwamba hujui kuandika.

Na wakati rasimu ya kwanza haijaisha, usirudi sura ya kwanza kuipamba. Ukigundua kwamba mvuvi alipaswa kuwa kipofu tangu mwanzo, andika kushoto: "mvuvi kipofu kuanzia sura ya 1", kisha endelea kana kwamba ameshakuwa kipofu. Mwenye dakika 45 akiingia kupamba sura ya kwanza, atakuwa humo humo mwaka ujao.

Ofisi inavyoingia katika ufalme

Hili ndilo lililonibadilisha mawazo kuhusu swali la kuacha kazi.

Miswada mingi ya fantasia inayokwama ina kasoro moja: katika ufalme ule hakuna anayefanya kazi. Kuna mfalme, mchawi, shujaa, jeshi la watu elfu. Nani analisha jeshi?

Tupige hesabu. Katika misafara ya zamani ya bara na pwani, posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama robo tatu ya kilo. Askari elfu moja wanakula kilo 750 kwa siku. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi. Chakula cha siku moja, basi, kinahitaji wapagazi 25. Safari ya siku 20 inataka kilo 15,000, yaani wapagazi 500 wa chakula peke yake, na hao nao wana matumbo. Ongeza cha kwao, na cha watakaobeba hicho cha kwao.

Ukishaona hesabu hiyo, hadithi inabadilika yenyewe. Jeshi haliwezi kwenda siku 20 bila kupora vijiji njiani, na kijiji kilichoporwa kina mtu mwenye kisasi. Au mfalme ana jini wa kubeba mizigo, na jini huyo ana bei. Au vita vinasubiri mavuno. Njia tatu za kisa zimetoka kwenye kibaba, na mtu atakayeziona wa kwanza ni mhasibu, karani wa stoo, au mpishi wa shule ya bweni.

Baharini ni hivyo hivyo. Anayefanya kazi bandarini hatamruhusu shujaa apande jahazi lenye kufuata upepo wa kaskazi kwenda kusini, kisha arudi na jahazi lile lile baada ya wiki tatu. Majahazi ya Omani na Ghuba yalikuja pwani yetu na kaskazi yakarejea na upepo wa kusi, na katikati yake watu walikaa miezi bandarini: wakioa, wakidaiwa, wakijifunza lugha. Kungoja upepo ni sura nzima ya riwaya, na ipo bure.

Kesi ya Karama katika Kusadikika nayo ina mashtaka, utetezi, kuahirishwa hadi kesho na waziri mwenye hila. Yule aliyeyaandika haya alikuwa ameona ofisi za serikali zinavyofanya kazi kutoka ndani. Nchi inaelea hewani, lakini urasimu wake una uzito, na uzito huo ndio unaotufanya tuiamini.

Kwa hiyo chukua unachokijua kutokana na mshahara wako ukipeleke katika ufalme. Mpima ardhi ajue mpaka wa nchi ya majini unawekwaje na nani anahamisha mawe usiku. Muuguzi aandike wodi ya waliolishwa uchawi, na namna wauguzi wanavyokabidhiana zamu saa moja asubuhi: yupi alilala, yupi alizungumza kwa sauti isiyo yake. Tahadhari ni moja tu. Mgonjwa halisi, faili halisi, siri ya mteja, visiingie hata kwa kubadilishwa jina. Chukua utaratibu wa kazi, watu waache.

Majini yenye majina

Kuna uamuzi ambao mwandishi wa fantasia wa Kiswahili hawezi kuukwepa. Je, utatumia viumbe ambao wasomaji wako wanawaogopa kweli?

Ukiandika chunusi, yule jini anayezamisha watu, msomaji wa pwani hahitaji maelezo. Anajua maji gani hayaogewi. Ukiandika ruhani, subiani, kibwengo, umepata nguvu ambayo jina la kubuni lingehitaji kurasa tano kuijenga. Lakini umepokea pia sheria zao. Msomaji anajua ruhani anataka nini. Ukizivunja bila sababu, ataona hujui unachokiandika. Na nyumbani au msikitini au kanisani patakuwa na mtu wa kuuliza kwa nini unajishughulisha na mambo hayo.

Mimi naegemea kwa viumbe wa kubuni wenye tabia zinazotambulika. Nunda wa hadithi za kale anaweza kukupa umbile la mla watu bila kukufunga kwa imani ya mtu yeyote. Hata hivyo nimesoma kurasa ambazo chunusi halisi ndiye aliyefaa, na asingewezekana mwingine. Hapa sina kanuni.

Kazini usitangaze. Mswada uliokwisha kutajwa ofisini huwa mali ya mazungumzo ya chai, na kila mwezi mtu anauliza umefika wapi.

Vipande vya kila siku kwenye simu

Siku hizi hadithi nyingi zinasomwa kwa vipande WhatsApp na Facebook, na wapo wasomaji wanaolipia vipande vinavyofuata. Kwa hadithi za mapenzi au za kipelelezi njia hii imewafaa watu.

Kwa fantasia ina mtego. Kipande cha tatu kikishasomwa, sheria uliyoiweka humo imefungwa. Ukigundua kwenye kipande cha ishirini kwamba chumvi inapaswa kumwathiri na mtoto wa malkia pia, huwezi kurudi. Wasomaji wanakumbuka kuliko wewe, na hawajali kwamba uko kazini. Wanataka kipande kesho, na kesho una kikao. Ukitaka njia hii, maliza kwanza angalau nusu ya kitabu pamoja na kurasa zake za kushoto, ndipo uanze kurusha.

Mshahara

Sasa lile swali la mhasibu: aache kazi, au aache riwaya?

Malipo ya mwandishi kwa kawaida ni kama asilimia kumi ya bei ya kitabu. Kitabu cha shilingi 10,000 za Tanzania kikiuza nakala 500, mwandishi anapata shilingi 500,000, na nakala 500 za riwaya isiyo kwenye orodha ya shule si jambo dogo. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule. Anayeacha kazi ili aishi kwa kalamu atajikuta, ndani ya mwaka, anaandika kile mtaala unachotaka. Mshahara unakununulia haki ya kuandika malkia wa chini ya bahari ambaye hakuna mtihani utakaomuulizia.

Hilo nimelishikilia kwa muda mrefu. Lakini wiki hizi nimesita.

Shaaban Robert alitumikia ofisi miaka 34. Aliondoka kazini 1960, akafariki 1962. Kufikirika, nchi yake nyingine ya kubuni, ilichapishwa 1967 yeye hayupo. Siwezi kusoma tarehe hizo nikasema kwamba ajira haigharimu kitu. Inagharimu vitabu. Vingine haviandikwi, vingine vinamkosa mwenyewe. Tukimwambia kijana "baki kazini, utaandika usiku", tumwambie na hili pia, ili achague akiwa anajua.

Na bado ningemwambia abaki. Asome tu mkataba wake wa ajira: kazi uliyoibuni kwa ajili ya mwajiri, ndani ya majukumu yako, kwa kawaida ni ya mwajiri. Riwaya ya majini iliyoandikwa nyumbani kwenye daftari lako haiko huko, mradi hukuiandika kwa saa na vifaa vya ofisi.

Siku 28

Likizo ya mwaka, kwa sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004, ni siku 28 mfululizo. Kenya, kwa sheria ya 2007, ni siku 21 za kazi. Wengi wanazitumia kuandika rasimu ya kwanza, na naona hapo wanazitumia vibaya. Rasimu ya kwanza inavumilia kukatizwa. Umbo la safari na ukurasa wa kushoto vimewekwa kwa ajili hiyo. Rasimu ya pili haivumilii. Inataka riwaya nzima iwe kichwani kwa wakati mmoja, sura ya kwanza na ya nane zikitazamana, na hilo haliwezekani kwa dakika 45 za alfajiri.

Siku nne za kwanza soma kitabu chote toka mwanzo bila kugusa sentensi. Kila kinachokukwaza kiandike kwenye orodha pamoja na namba ya ukurasa. Siku ya tano na ya sita pitia kurasa za kushoto peke yake, kama mkaguzi: sheria ipi imevunjwa, wapi, na nani alijua jambo kabla hajaambiwa. Kisha siku 18 za kuandika upya, maneno 3,000 kwa siku, jumla 54,000. Ni mwendo mkali, ila unaandika juu ya kitu kilichopo. Nne zinazobaki, moja lala. Tatu soma mazungumzo yote kwa sauti.

Harusi ya binamu isiangukie katikati ya zile 18. Ukiwa na nafasi ya kuchagua mwezi wa likizo, ipange ili harusi iangukie mwanzoni kabisa au mwishoni.

Ukirudi kazini, toa nakala mbili, uwape wasomaji wawili ambao hawajuani na hawafanyi kazi nawe. Usiwaulize kama wamependa. Waambie waweke alama kwenye ukurasa ambao waliacha kuamini. Wakitaja ukurasa mmoja, tatizo liko hapo. Wakitaja kurasa mbili zilizo mbali, tafuta kwanza sheria inayozitawala zote mbili kabla hujahariri sentensi yoyote.